Taa ya Upepo wa Tairi Baada ya Kubadilisha Rimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayotufikia zaidi kutoka kwa wenye magari wa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Masasi, hasa katika miezi ya mauzo ya korosho, ambapo wengi huamua kulipendezesha gari kwa rimu mpya. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mwenye gari, ingawa fundi naye akiyasoma hatapoteza kitu.

Nimefunga rimu za sporti asubuhi, na jioni taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Je, fundi ameharibu kitu?

Mara nyingi hajaharibu kitu. Taa hiyo, ambayo wateja wengi hutueleza kuwa ni "sufuria yenye alama ya mshangao", ni mchoro wa tairi lililokatwa likaonekana kwa ndani, nayo ni ya mfumo wa kufuatilia upepo wa tairi, ambao katika vitabu vya magari huandikwa kwa herufi TPMS. Katika magari mengi yenye mfumo huu, kila gurudumu lina sensa ndogo iliyofungwa kwenye shina la valvu, upande wa ndani wa rimu, mahali ambapo huwezi kuiona mpaka tairi livuliwe. Rimu za zamani zilipoondoka, sensa ziliondoka nazo. Gari sasa linasubiri taarifa za sensa nne ambazo pengine zimelala stoo, na kwa kuwa hakuna inayojibu, linakujulisha kwamba mawasiliano yamekatika.

Kabla ya kumlaumu fundi, basi, jiulize rimu za zamani ziko wapi. Kama ulimwachia muuzaji zikawa sehemu ya malipo, mrudie upesi, maana sensa nne nzima ni mali yenye thamani yake, na sidhani kama zilihesabiwa mlipokuwa mnapatana bei.

Nitajuaje kama gari langu lina sensa ndani ya matairi?

Iko mifumo ya aina mbili. Wa kwanza hupima upepo wenyewe kwa sensa iliyo ndani ya gurudumu na kupeleka namba kwa mawimbi ya redio. Wa pili haupimi upepo hata kidogo, bali hutumia sensa za breki za ABS kulinganisha kasi ya mzunguko wa magurudumu, kwa sababu tairi lililopungukiwa upepo huwa na kimo kidogo zaidi na hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake. Magari mengi ya Volkswagen na baadhi ya Ford za Ulaya yanatumia njia hii ya pili, na ukiyabadilishia rimu huna sensa ya kuhamisha.

Dashibodi ikikuonyesha namba ya upepo wa kila tairi, una sensa ndani. Valvu ya chuma iliyokazwa kwa nati kwenye rimu nayo ni dalili nzuri. Usijiridhishe, hata hivyo, kwa kuona valvu ya mpira ukadhani hakuna sensa, kwa sababu zipo sensa zinazokaa kwenye valvu za mpira, na hizo ndizo zinazovunjwa zaidi na mafundi wasiozitarajia. Kifaa cha mkononi cha kusomea sensa hukata shauri kwa dakika chache: husogezwa karibu na valvu ya kila gurudumu, na sensa ikiwepo na ikiwa hai, hujibu.

Gari langu limetoka Japani na halina taa hiyo kabisa. Je, imeondolewa?

Yawezekana kabisa haikuwahi kuwepo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2000, baada ya ajali nyingi zilizohusishwa na matairi ya Firestone kwenye magari ya Ford Explorer, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa huko lilipaswa kuwa na mfumo huu. Umoja wa Ulaya uliweka sharti hilo kwa aina mpya za magari kuanzia Novemba 2012, na kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Japani haikufuata njia hiyo wakati huo, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya magari ya mtumba tunayoyapokea kutoka huko hayana mfumo, isipokuwa yale ya bei ya juu na yale yaliyotoka kiwandani na matairi yanayoweza kutembea kidogo bila upepo. Gari lililotoka Uingereza na kuundwa baada ya 2014, kwa upande mwingine, lichukulie kuwa linao.

Taa huwaka na kuzimika haraka haraka kwa dakika nzima ninapowasha gari, kisha inabaki imewaka. Kuna tofauti na ile inayowaka moja kwa moja?

Tofauti ni kubwa. Taa inayowaka bila kucheza inasema tairi mojawapo limepungua upepo, hivyo simama na upime. Taa inayochezacheza kwa sekunde 60 hadi 90 na ndipo itulie, inasema mfumo wenyewe una hitilafu: sensa haipo, haijaandikishwa, au betri yake imekwisha. Baada ya kufunga rimu mpya bila sensa, hii ya pili ndiyo utakayoiona. Ubaya wake ni kwamba tangu hapo taa inabaki imewaka muda wote, na siku tairi litakapopata pancha ya kweli hutaona badiliko lolote.

Je, naweza kuhamishia sensa zangu za zamani kwenye rimu mpya?

Unaweza, na ndiyo njia ya gharama nafuu, lakini yapo mambo ambayo ni lazima yatazamwe tairi likiwa bado halijavishwa.

Jambo la kwanza ni umri. Sensa ina betri iliyofungiwa ndani ya plastiki pamoja na gundi yake, haibadilishwi, na kwa kawaida hudumu miaka mitano hadi kumi. Kama gari ni la 2014 na sensa ni zile zile za kiwandani, kuzihamisha ni kulipia kazi moja mara mbili, kwa sababu baada ya muda si mrefu utarudi kuvua matairi yote.

Jambo la pili ni umbo la rimu. Tundu la kawaida la valvu lina upana wa milimita 11.3 na sensa nyingi hukaa humo bila shida, lakini rimu nyingine zina kuta zilizopinda vibaya karibu na tundu, hivyo mwili wa sensa hubaki umening'inia au hugusa mahali ambapo ukingo wa tairi hupita wakati wa kuvishwa. Sensa inapaswa kulala karibu na sakafu ya rimu bila kulazimishwa. Ijaribu kwa mkono kwanza.

Jambo la tatu linatuhusu sisi wa pwani kuliko watu wa bara. Shina la valvu ya sensa nyingi ni la aluminiamu, na aluminiamu ikigusana na shaba nyeupe mbele ya unyevu wa chumvi huliwa polepole. Gari moja la Mikindani, lililokuwa likilala mita chache kutoka ufukweni, lililetwa kwetu likiwa na vifuniko vya valvu vya chuma vinavyong'aa, vilivyonunuliwa kwa ajili ya urembo. Vitatu havikufunguka. Kwenye cha nne, tulipozungusha kwa koleo taratibu, ulitoka unga mweupe kama wa muhogo, kisha shina zima likakatika na upepo ukaisha kwa mlio mmoja. Sensa zenyewe zilikuwa hai, na zote zilisoma kwenye kifaa, lakini hapakuwa na mahali pa kuzishikilia. Tangu siku hiyo kila gari linaloondoka hapa huondoka na vifuniko vya plastiki, hata mwenye gari akinuna. Kile kipande chembamba cha ndani ya valvu nacho kiwe kile kilichopakwa nikeli, kisiwe cha shaba tupu.

Kila sensa inapohamishwa, vibadilishwe pia raba ya kuzuia uvujaji, nati na kifuniko, kwani raba iliyokwisha kubonyea kwenye rimu ya zamani haikai sawasawa kwenye rimu ya pili. Nati ikazwe kwa kipimo kilichotajwa na mtengenezaji, ambacho mara nyingi huwa kati ya Newton mita 4 na 8, yaani kidogo sana kuliko nguvu ambayo mkono wa fundi umeizoea. Baada ya hapo gurudumu lifanyiwe balansi upya, kwa kuwa sensa nayo ina uzito.

Nikitaka kununua sensa mpya, ninunue zipi?

Angalia masafa ya redio kabla ya bei. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani na Marekani kwa kawaida hutumia MHz 315, na yale ya Ulaya, Uingereza ikiwemo, hutumia MHz 433. Sensa ya masafa yasiyo yake itakaa vizuri kwenye rimu na kushika upepo, ila gari halitaisikia milele. Makosa haya hutokea sana pale mtu anapoagiza kutoka Dar es Salaam kwa kutaja jina la gari tu bila kusema lilitoka nchi gani.

Kwa maoni yetu, mtu wa Mtwara ananufaika zaidi na sensa zinazopangiliwa, ambazo nyingi zinabeba masafa yote mawili na kuandikwa kwa kifaa ili zifanane na gari husika. Ubora wake mkubwa ni kwamba zinaweza kunakili namba ya utambulisho ya sensa ya zamani, hivyo gari likaendelea kama kwamba hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana tunasema usitupe sensa ya zamani, hata kama imevunjika shina: namba yake imeandikwa ubavuni, ipige picha.

Nimefunga sensa mpya za masafa sahihi, mbona taa haijazimika?

Kwa sababu gari bado halijazitambua. Kila sensa ina namba yake ya utambulisho, na kompyuta ya gari husikiliza zile tu zilizoandikishwa, la sivyo ingekuwa inapokea taarifa za gari lililoegeshwa jirani pale stendi. Namna ya kuandikisha hutofautiana. Yapo magari yanayojifunza yenyewe yakiendeshwa kwa dakika 10 hadi 20 kwa mwendo usiopungua takriban kilomita 40 kwa saa, na safari ya kutoka Shangani hadi Mikindani na kurudi inatosha. Yapo yanayohitaji kuwekwa katika hali ya kujifunza, kisha sensa ziamshwe moja baada ya nyingine kwa kifaa. Na yapo, Toyota nyingi zikiwemo, ambayo namba huandikwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa mashine ya kupimia gari inayochomekwa chini ya usukani.

Hapa pana kosa tunalolirekebisha karibu kila juma. Toyota nyingi zina kitufe kilichoandikwa SET, na mtu akisoma mahali kwamba ukikibonyeza mpaka taa ipepese mara tatu mambo yamekwisha, hukibonyeza asubuhi na jioni huku taa ikimwangalia. Katika gari lenye sensa ndani, kitufe hicho huliambia gari kwamba upepo uliopo sasa ndio kiwango sahihi. Hakiandikishi sensa. Tena ukikibonyeza wakati tairi limepungua, umelifundisha gari kuukubali upungufu.

Gari langu linatumia mfumo wa kulinganisha kasi ya magurudumu. Nifanye nini baada ya kubadilisha rimu?

Jaza upepo kwa kipimo sahihi matairi yakiwa yamepoa, kisha uweke upya kiwango kwa kitufe au kwenye menyu ya dashibodi, na uendeshe kama kawaida ili gari lijifunze. Mpangilio huo ukigeuzwa, hesabu yote inaharibika. Hakikisha pia matairi yote manne ni ya kipimo kimoja na hayajatofautiana sana kwa kuchakaa, kwa sababu tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika huonekana na mfumo kama vile matatu yamekosa upepo.

Rimu zangu mpya ni kubwa kuliko za kiwandani. Niweke upepo kiasi gani?

Anza na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama kimeandikwa kPa 220, hiyo ni sawa na bar 2.2 au psi 32. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe, nayo si kipimo cha kujazia.

Kibandiko hicho, hata hivyo, kiliandikwa kwa ajili ya tairi la kiwandani. Ukipanda kutoka rimu ya inchi 16 hadi ya inchi 18, tairi huwa jembamba ubavuni na hewa ya kubeba uzito hupungua. Tazama namba ya uwezo wa mzigo iliyo baada ya kipimo cha tairi: 91 maana yake kilo 615 kwa tairi moja, na 88 maana yake kilo 560. Ukitoka 91 ukaingia 88, umepunguza kilo 55 kwa kila gurudumu, na gari linalotoka Tandahimba likiwa na watu watano na magunia ya korosho nyuma halina akiba hiyo. Chagua tairi lenye namba isiyopungua ile ya zamani. Matairi yaliyoandikwa XL huufikia uwezo wake kwa upepo mwingi zaidi, kwa hiyo huenda ukahitaji psi kadhaa juu ya kibandiko, na jedwali la mtengenezaji wa tairi ndilo la kufuatwa.

Hili linaigusa taa pia. Kiwango cha kuonya hupangwa kwa kufuata upepo wa kiwandani, na kanuni za Marekani zinataka taa iwake upepo ukiwa umepungua kwa asilimia 25. Kama kiwango cha zamani kilikuwa psi 32, onyo linakuja kwenye psi 24. Kama matairi mapya yanahitaji 36, psi 24 ni hatari iliyokwisha kuanza zamani, na hapo ndipo kitufe cha SET kinapokuwa na kazi ya maana.

Taa huwaka alfajiri nikitoka Mtwara, lakini nikifika Mnazi Mmoja imezimika. Ni sensa mbovu?

Hapana, ni tairi lililo mpakani. Upepo wa tairi hubadilika kwa karibu psi 1 kwa kila nyuzi joto 5 au 6, na baridi ya alfajiri ya mwezi Julai inatosha kulishusha tairi ambalo tayari lilikuwa pungufu. Likishatembea, linapata joto, upepo unapanda, na taa inazimika. Mara nyingi mtu wa namna hii alijaza upepo saa nane mchana akiwa ametoka mwendo mrefu: psi 32 za tairi la moto zikipoa usiku zinaweza kubaki 28. Jaza asubuhi kabla ya kutembea.

Nimwambie nini fundi pancha?

Mwambie kabla hajashika mtaimbo: "Fundi, humu ndani kuna sensa, iko kwenye valvu." Ukingo wa tairi uanze kubanduliwa upande ulio mbali na valvu, na mtaimbo usiingizwe karibu nayo. Ukisikia kitu kinagongagonga ndani ya tairi baada ya kuzibiwa pancha, usiendelee na safari ukidhani ni kokoto, kwa kuwa kipande cha sensa iliyovunjika huchana tairi kwa ndani.

Ile dawa ya maji ya kuzibia pancha ni ya dharura tu, kwani huweza kuziba kitundu cha sensa. Na fundi akishauri kuweka mpira wa ndani kwa sababu rimu inavuja, elewa kwamba mpira huja na valvu yake na hutumia tundu lile lile, hivyo sensa lazima itoke. Rimu inayovuja ni ya kunyooshwa au kurudishwa ilikotoka.

Spea nayo inahitaji sensa?

Si lazima. Magari machache huja na sensa ya tano, na mengine yote yatawasha taa ukifunga spea, jambo ambalo ni la kawaida.

Nimeshauriwa kuziba taa kwa solotepu, au kuziweka sensa zote nne ndani ya bomba la plastiki lililojazwa upepo na kulificha kwenye buti. Ni sawa?

Ushauri huo wa bomba unafanya kazi, na ndiyo sababu tunaukataa. Gari litasoma psi 32 za bomba huku tairi la nyuma likiwa linasagika juu ya rimu, na dereva anayeiamini dashibodi yake atakuwa wa mwisho kujua. Heri solotepu, ambayo angalau mwenye gari anakumbuka kwamba ameiweka, ingawa siku ya kuliuza gari mnunuzi atadanganyika.

Je, vifaa vinavyofungwa kwa nje, badala ya kifuniko cha valvu, vinafaa?

Vinafaa kwa gari lililotoka Japani bila mfumo, na kwa rimu ambazo sensa ya ndani haikai. Skrini ndogo huwekwa mbele ya dereva na namba huonekana mara moja. Kasoro zake ni tatu: uzito wake hutikisa valvu za mpira zilizozeeka, chumvi huvigandisha, na watoto wa mtaani huvipenda. Weka valvu mpya kabla ya kuvifunga, na uvifungue kila mwezi ili visigande.

Naweza kusafiri mpaka Dar es Salaam taa ikiwa imewaka?

Kama ni ile inayochezacheza kwanza, na unajua sababu yake ni rimu zisizo na sensa, unaweza, mradi uwe na geji yako mwenyewe na uyapime matairi yote alfajiri kabla ya kuondoka. Kama taa inawaka moja kwa moja, usiondoke mpaka ujue ni tairi gani, kwa maana njia hiyo ni zaidi ya kilomita 500, na kati ya Lindi na Nangurukuru unaweza kutembea muda mrefu bila kuona kompresa. Ukisimama Nangurukuru kunywa chai ukapima na kukuta psi 36 mahali ulipoweka 32, usitoe upepo: hilo ni joto la barabara, na matairi yakipoa yatarudi pale pale ulipoyaacha asubuhi.